Kiwanda cha Mkomani: jani nene, jani jembamba na ukuta wa chokaa

Nyumba yenyewe iko Mkomani, ndani ya Mji Mkongwe wa Lamu, kwenye kichochoro ambacho punda wawili wenye mizigo wakikutana, mmoja hana budi kurudi nyuma. Imejengwa kwa mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, ina ghorofa moja juu na paa la kuanikia. Ukipita daka, yaani baraza ya mlangoni, na tekani, ukumbi mdogo wa kuingilia, unafika kwenye kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi juu, kama mita sita kwa tano. Kama ilivyo katika nyumba nyingi za zamani za hapa, msana, ule ukumbi mrefu ulio wazi mbele ya kiwanda, uko upande wa kusini ukitazama kaskazini, upande wa kibla. Aliyeketi msanani huutazama ukuta wa kaskazini siku nzima.

Ukuta huo ndio uliokuwa na sura mbaya kuliko zote. Lipu yake ilianguka zamani na mawe yamebaki wazi, yenye matundu na makovu. Kuta za mashariki na magharibi bado zina lipu ya chokaa, nyeupe na laini. Ndani ya msana, nyuma ya waliokaa, kuna safu ya zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, zilizochongwa, na nakshi yake haijaharibika sana.

Mwenye nyumba ni mama wa umri wa kutosha, anaishi na mwanawe, mke wa mwanawe na wajukuu. Malalamiko yake yalikuwa mafupi: "Mwanangu, nimepanda kila ua liuzwalo pwani hii, na kiwanda changu chanichosha macho."

Hakuwa anatia chumvi. Kulikuwa na vyungu, madebe na mitungi ya plastiki iliyokatwa zaidi ya thelathini: bogenvilia za rangi tatu, krotoni za madoadoa, iksora, waridi, na mimea mingine ya maua ambayo wauzaji huipa majina wapendavyo. Vyote vilipangwa kuzunguka kuta nne, vimebanana, kila kimoja na ua lake moja moja. Kazi ya kumwagilia ilikuwa kubwa. Mkamwana aliniambia kwa upole kuwa mavyaa wake humaliza asubuhi nzima na ndoo, na wageni wakifika husifu zidaka tu.

Picha isiyo na rangi

Kabla ya kugusa chungu hata kimoja, nilisimama msanani nikapiga picha kwa simu, kisha nikaiondoa rangi ikabaki nyeusi na nyeupe. Mtu yeyote anaweza kufanya hivi katika bustani yake, na mimi naona hakuna kipimo kinachosema kweli upesi zaidi. Nilimpa mama simu aangalie. Maua yote yalikuwa yametoweka. Bogenvilia nyekundu na jani lake vilikuwa kijivu kimoja. Madoadoa ya krotoni yalikuwa vumbi. Kuanzia pembe hadi pembe palikuwa na utando mmoja wa majani yenye ukubwa wa nusu kiganja, yote ya mviringo, yote ya unene mmoja, yote yaking'aa kwa kiasi kimoja.

Hapo ndipo ulipokuwa ugonjwa. Kiwanda hakikukosa mimea wala rangi. Kilikosa tofauti ya unamu, yaani vile jani linavyoonekana na vile mkono ungelihisi kama ungelipapasa: ukubwa wake, ukingo wake, kama ngozi yake ni ngumu au laini, ina manyoya au nta, na kama mmea mzima umefumbana au unapitisha mwanga. Jicho linapoingia mahali hutafuta pa kutua. Likikuta jani kubwa gumu kando ya majani madogo membamba, hutua pale wanapokutana. Likikuta majani ya namna moja kila upande huzunguka bila kituo, na huo ndio uchovu aliousema mama.

Mtu atauliza kwa nini rangi haikutosha kuifanya kazi hiyo. Katika miji mingine huenda ingetosha. Lamu iko nyuzi mbili na ushei kusini mwa ikweta. Mwezi wa Machi, na tena mwishoni mwa Septemba, jua la adhuhuri huwa utosini kabisa. Ndani ya kiwanda mwanga huo hupiga chokaa, ukarudi, ukapiga chokaa ya upande wa pili. Katika weupe wote huo rangi ya ua huchujuka, na ua lenyewe lina msimu wake. Kivuli cha jani hakichujuki. Kadiri jua linavyokuwa kali ndivyo jani pana linavyochora kivuli kizito na jani jembamba linavyochora kivuli cha nyuzinyuzi, na ukuta mweupe huvionyesha vyote viwili. Kwa hiyo chokaa iliyokuwa inayaua maua ya mama ndiyo hiyo hiyo ingeyabeba majani, kama yangechaguliwa vizuri.

Kuta nazo zina unamu

Wengi wanaopanga bustani katika nyumba za mji huu huanza na orodha ya mimea. Mimi nilianza na kuta, kwa sababu katika eneo dogo hivi ukuta ni sehemu kubwa ya kinachoonekana, na nao una ngozi yake. Jiwe la tumbawe lililo wazi ni unamu mnene, wa kukwaruza. Lipu ya chokaa ni laini kabisa. Nakshi za zidaka ni kazi nyembamba, yenye mistari midogo mingi iliyokaribiana.

Ukiweka jani kubwa gumu mbele ya jiwe gumu, vitu viwili vizito vinapambana na hakuna kinachoonekana. Ukiweka majani madogo madogo karibu na zidaka, nakshi inapotea, kwa kuwa jicho haliwezi kutenganisha kazi ya fundi na kazi ya mmea. Nikaupanga mgawanyo kwa kuyageuza: mbele ya mawe yaliyo wazi yakae majani membamba, mbele ya chokaa laini yakae majani mazito, na karibu na msana, ambako nakshi iko, yakae machache, makubwa na yenye mistari iliyo wazi.

Mgawanyo huu ulikuwa na faida ya pili, nayo ndiyo iliyomfurahisha zaidi kijana wa nyumba. Majani makubwa huonekana yamesogea karibu na mtazamaji; madogo huonekana yamejitenga mbali. Ukiyaweka makubwa karibu na pa kukaa na madogo mwisho wa uwanja, mahali padogo huonekana parefu. Ukifanya kinyume, ukuta wa mwisho hukujia usoni. Kiwanda hiki kilikuwa na krotoni kubwa kuliko zote mbele ya ukuta wa kaskazini, na kwa hivyo ukuta ule mbovu ulikuwa umeletwa hatua mbili karibu na baraza la mama.

Halafu kuna kutazama kutoka juu. Nyumba za Lamu zina madirisha na mapaa yanayochungulia viwanda vyake, na wanawake wa nyumba hii hushinda juu jioni nyingi. Mmea unaopendeza kwa ubavu unaweza kuwa si kitu ukitazamwa kutoka juu. Mimea inayotoa majani yake kutoka kitovu kimoja, mtapo na mshubiri kwa mfano, huonekana vizuri zaidi kutoka juu kuliko kutoka chini, kwani hapo unaona mpangilio mzima wa majani kwa mara moja. Niliitafuta mimea ya namna hiyo kwa makusudi.

Jua la Kaskazi na jua la Kusi

Jambo lililoamua nini kikae wapi, kuliko uzuri wowote, ni mwendo wa jua kwa mwaka. Kuanzia mwanzo wa Oktoba hadi katikati ya Machi jua la adhuhuri hupita upande wa kusini wa nyumba na kuupiga ukuta wa kaskazini usoni. Sehemu kubwa ya muda huo ndiyo Kaskazi, msimu wa upepo wa kaskazini mashariki, na Januari hadi Machi ni miezi mikavu. Chini ya ukuta ule, basi, hupata jua kali zaidi katika wakati wenye maji haba zaidi. Ukingo wa msana ni kinyume chake: wakati wa Kaskazi uko kivulini, na huanza kupigwa na jua kuanzia Aprili, mvua za masika zinapoingia na upepo wa Kusi ukipoza hewa. Mei ndio mwezi wa mvua nyingi zaidi.

Ukishajua hilo, nusu ya maamuzi yameshafanyika. Upande wa kaskazini unataka mimea isiyojali ukame. Ukingo wa msana unaweza kubeba mimea inayopenda kulindwa. Iksora za mama na waridi zilikuwa zimewekwa chini ya ukuta wa kaskazini "zipate jua", na kila Februari zilikuwa zikichomeka.

Iksora zilikuwa na tatizo lingine. Majani yake yalikuwa manjano huku mishipa ikibaki kijani. Hiyo ni dalili ya mmea usiopata madini ya chuma. Udongo wa kisiwa umejaa chembe za matumbawe na chokaa, na katika udongo wa namna hiyo chuma hujifunga, mizizi haiwezi kukichukua. Iksora hupenda udongo wenye uchachu. Unaweza kupambana nao kwa dawa mwaka baada ya mwaka. Nilishauri apewe mtu mwenye shamba bara.

Yaliyochaguliwa

Mbele ya mawe yaliyo wazi tuliweka mikomamanga miwili na mhina mmoja katikati yao. Mkomamanga una jani dogo, jembamba, linalong'aa, na matawi yake hayafumbani. Mwanga hupita na mawe huonekana nyuma yake kwa vipande. Unavumilia joto na ukame, na chumvi kidogo ya maji ya kisima haiutishi. Mhina una jani dogo zaidi na umbo la hewahewa. Katika nyumba yenye wanawake wa rika mbalimbali hauhitaji kutetewa: majani yake huchumwa, hukaushwa, husagwa, na msimu wa harusi ukija kila jirani atabisha hodi. Kuna jambo la kiufundi hapa ambalo nalipenda sana. Mhina ukiachwa hurefuka, ukapoteza umbo na kutoa miiba kwenye matawi yaliyokomaa. Ukichumwa mara kwa mara hurudi na vichipukizi vingi vifupi, na unamu wake unazidi kuwa mwembamba. Matumizi ya nyumba ndiyo yanayoupogoa.

Kijana alikuwa na mapendekezo yake kuhusu ukuta huo huo. Alitaka mvinje. Alikuwa ameuona Bamburi, karibu na Mombasa, kule ambako mwanamazingira René Haller alianza kuupanda mwaka 1971 kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji yaliyoachwa matupu, na hoja yake ilikuwa nzuri: hakuna mti wa pwani wenye unamu mwembamba kuliko huo. Zile zinazoitwa sindano zake si majani hata kidogo, ni vitawi vya kijani. Majani yenyewe ni magamba madogo mno yaliyozunguka vifundo vya vitawi hivyo. Lakini mvinje hupita mita ishirini, na mizizi yake haingeishi kwa amani na birika la kuhifadhia maji na misingi ya nyumba ya zamani. Tukaafikiana kwamba atakapopata kiwanja Shela au bara atapanda huko mistari mizima.

Kwenye pembe ya kusini mashariki, kando ya birika, mbele ya chokaa nyeupe, tuliweka mkadi. Huu ndio mmea uliokibadilisha kiwanda. Majani yake ni marefu, magumu, yamepangika kwa kuzunguka shina kama ngazi ya mnara, na kila moja lina ukingo wa miiba. Mbele ya ukuta laini kila jani linasimama peke yake. Jua la alasiri hupiga ukuta wa mashariki, na kivuli cha mkadi hupanda ukutani polepole hadi karibu na boriti. Nilikuwa na wasiwasi wa watoto kwa sababu ya miiba ile, ndiyo maana umewekwa nyuma ya ukingo wa birika, mahali ambapo mkono mdogo haufiki. Kwa sababu hiyo hiyo ya watoto niliukataa mnyaa, ingawa vitawi vyake vya mviringo visivyo na majani vingependeza sana pale. Utomvu wake mweupe ukiingia jichoni unaweza kudhuru vibaya, na kiwanda ni mahali pa kuchezea.

Chini ya mkadi tulipanda mchaichai. Watu wengi wangeweka hapo kitu cha jani la mviringo ili kitofautiane. Mimi naona tofauti hupendeza zaidi pakiwa na kitu kimoja cha kuwaunganisha. Mkadi na mchaichai wote wana majani marefu, ya mstari, yanayoinama ncha. Mmoja ni mzito na hausogei, mwingine ni mwepesi na unayumba kwa kila upepo unaoshuka kutoka paani. Kwa sababu umbo ni moja, jicho huona upesi kuwa kilichobadilika ni uzito tu. Na jikoni wanapata chai yao.

Kwenye ukingo wa msana tuliweka mtapo mmoja katika chungu kikubwa cha udongo. Huu ni mmea wa pwani yetu wenyewe, wa misitu ya huku, na nasikitika kuona ni wachache wanaoujua kwa jina. Jani lake ni refu lenye vijani vigumu pande mbili, kijani kilichokolea, linang'aa. Hukua polepole sana. Jenasi yake yote, Encephalartos, imo katika daraja la kwanza la mkataba wa kimataifa wa CITES, linalodhibiti biashara kwa ukali zaidi, kwa hiyo usikubali mtu akuletee aliyeung'oa msituni. Nunua mche uliooteshwa kitaluni na uulize ulikotoka. Tuliuchagua ukiwa mdogo. Hutoa majani yake mapya yote kwa pamoja, kisha hunyamaza kwa miezi. Majani hayo yakiwa bado laini, chungu kisigeuzwe wala kusogezwa, maana yakiukosa mwanga yaliouzoea hujipinda na yatabaki hivyo kwa muda mrefu.

Mishubiri mitatu ilikwenda katikati ya uwanja, kwenye vyungu vipana vifupi, mahali inapoonekana kutoka dirisha la juu. Ukuta wa magharibi, ule wa kuingilia, tuliuachia asumini ipande juu ya kichanja cha fito za mikoko. Jani la asumini ni la wastani, na kwa unamu halina la kusema sana. Liko pale kwa harufu, kwa kuwa mlangoni ndipo harufu inapomkuta mgeni, na kwa vikuba, vile vishada vya maua na majani ya harufu. Rehani zilibaki pia, kwenye vyungu vinne vya ngazi ya msana, kwa sababu hiyo hiyo. Kikuba bila rehani na asumini hakifungwi, na kwa kuwa sasa kuna mkadi, mama anahesabu siku ya kupata kadi, yaani ua la mkadi, lake mwenyewe. Nimemwambia asubiri, mkadi hauharakishwi.

Jumla ya vyungu ilishuka hadi kama dazani moja. Sakafu ya kati imeachwa tupu, na hilo lilikuwa gumu kuliko yote kukubalika. Lakini sakafu laini iliyo wazi nayo ni unamu. Bila ya upana ule mtupu, mkadi ungekuwa mmea mmoja mkubwa ndani ya msongamano.

Ubishi wa bogenvilia

Mama alikubali mengi. Bogenvilia nyekundu alikataa kuitoa. Ilitoka kwa dada yake, na hilo halihitaji hoja nyingine. Nilipoitazama vizuri niliona kuwa pale chini ilikuwa inateseka kwa wema: imemwagiliwa kila siku, imejaa majani, maua machache. Bogenvilia huchanua zaidi ikipata jua kamili na ikikaushwa kidogo. Tukaipandisha paani, kwenye dramu lililotobolewa, ikakaa kwenye jua na upepo, na inapewa maji udongo ukikauka tu. Sasa inachanua na kuning'inia ukingoni mwa paa. Ukiketi msanani unaona wekundu wake juu kabisa, dhidi ya mbingu, mbali na majani ya chini. Rangi moja, mahali pamoja, juu. Naamini kiwanda kingekuwa pungufu bila hiyo, na sikuwa nimeifikiria kabla mama hajashika msimamo wake.

Maji, udongo na ukuta usiodhurika

Miche mingi ilitoka vitaluni Malindi, ikaja kwa basi hadi Mokowe, ikavuka kwa mashua, na kutoka gatini ikabebwa na punda. Chagua miche midogo yenye mzizi imara; mti mrefu hufika umevunjika ncha.

Udongo tuliuchanganya wenyewe: mchanga, mboji na samadi ya punda iliyooza vizuri. Samadi mbichi huunguza mizizi, na Lamu hakuna sababu ya kuitumia mbichi, maana iliyokwisha kuiva haikosekani.

Maji ya kisima cha nyumba yana uchumvichumvi. Mmea huyanyonya, maji yakapotea kwa njia ya jani, chumvi ikabaki, ikajikusanya kwenye ukingo. Ndiyo maana majani mapana laini ndiyo ya kwanza kuungua kingo, na ndiyo maana majani yenye nta, magumu au madogo huishi vyema pwani. Unamu tunaoupenda kwa macho ni silaha ya mmea dhidi ya chumvi na jua. Ukichagua kwa unamu katika mji huu, mara nyingi umeshachagua na uvumilivu. Mkamwana alitaka majimbi kwa ajili ya jani lake kubwa, nami sikuyapinga, ila yalipofika Januari yalikuwa na kingo za kahawia. Sasa yamebaki mawili tu, karibu na birika, na hupewa maji ya mvua yaliyohifadhiwa humo, si ya kisima. Yanaendelea vizuri ila kwa maji hayo tu, na birika likikauka kabla ya masika itabidi yaachwe.

Kuhusu kuta, Mji Mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na hata usingekuwemo, chokaa ya zamani inastahili heshima. Inapumua, unyevu huingia na kutoka. Vyungu vya mwanzo vilikuwa vimegusana na ukuta na maji yake yalikuwa yakipanda lipuni, na hapo chini ilikuwa imeanza kubabuka. Sasa kila chungu kiko shubiri moja na zaidi kutoka ukutani, juu ya vipande vya jiwe. Kichanja cha asumini hakikupigiliwa msumari hata mmoja; kimesimama kwa miguu yake na kimefungwa juu kwenye boriti inayochomoza. Mtu alishauri ukuta wa kaskazini upigwe lipu ya saruji "upendeze". Saruji ingefungia unyevu ndani ya matumbawe, na ingetunyima mawe ambayo mkomamanga unayahitaji nyuma yake. Kama familia itataka kuukarabati siku moja, iwe kwa chokaa.

Hali ilivyo sasa

Bustani hii imepita masika moja na Kaskazi moja. Mvua za Mei ziliozesha mshubiri mmoja. Chungu chake kilikuwa na tundu dogo, maji yakatuama. Tulipanua matundu ya vyungu vyote vitatu, tukaweka kokoto chini, na chipukizi la pembeni limechukua nafasi ya mama yake. Mkomamanga wa kulia unakua haraka kuliko wa kushoto, na sababu ni kivuli cha paa la jirani. Sitausawazisha. Unaficha vizuri zaidi sehemu ya ukuta iliyobomoka, na wa kushoto unaacha wazi sehemu yenye mawe mazuri.

Nilipiga tena picha isiyo na rangi kutoka msanani, mahali pale pale. Safari hii kila mmea ulikuwa unajulikana. Mkadi ulikuwa mweusi mbele ya weupe. Mtapo ulikatiza pembe ya chini kwa mistari mikubwa. Nyuma, mikomamanga na mhina vilikuwa ukungu wa nukta ndogo, na mawe yalikuwa yameingia ndani, mbali. Mama aliishika simu kwa muda, akaniuliza kwa nini kiwanda kimepanuka.

Kumwagilia sasa hakumalizi asubuhi. Mishubiri na mtapo hupewa maji kwa nadra, mikomamanga kila udongo unapokauka, na ni rehani na mchaichai tu zinazodai kila siku wakati wa Kaskazi.

Linalobaki ni mkadi. Kwenye chungu utatulia kwa miaka kadhaa, lakini tayari umeanza kuteremsha mizizi ya kuegemea kutoka kwenye shina, na siku mizizi hiyo itakapogusa sakafu itatafuta ufa wa birika. Nimekubaliana na kijana kwamba iwe inakatwa ikingali mifupi, na kabla mkadi haujamshinda mtu kuubeba, atafute nafasi kwenye shamba lao la bara auhamishie huko. Mche wa kuurithi ameshauanzisha kutoka chipukizi la chini, uko paani kivulini kando ya dramu la bogenvilia.